Subilaga na Bomba la Kutokea

Kilichoingia kwa kusukumwa, kipanulie pa kutokea. Jana mliisikia kwa mama mmoja kwenye kikao cha ndoa, mkaangaliana, na leo mmenijia mnauliza imetoka wapi. Wako watakaowaambia ni ya wahenga. Waongo hao. Ilisemwa na fundi mmoja mwanamke, hapa hapa Rungwe, nami nilikuwepo. Tena ubaya wenyewe niliuchangia kwa mikono yangu, kwa hiyo nisikilizeni wala msinikatize.

Ushirika wetu wa chai ulikuwa na lori moja tu lenye ubavu wa kupanda hii milima. Ubavu wake ulitoka kwenye turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili nacho kiisukumie injini hewa zaidi. Turbo ile ilikuwa na mabomba mawili ya oili. La kuingizia lilikuwa jembamba, unene wa penseli. La kutokea, linaloirudisha oili chini ya injini, lilikuwa pana, vidole viwili vinaingia.

Siku moja lile pana likatoboka kwa kutu. Msimamizi wa karakana, Bwana Gwamaka, akaniita mimi niliyekuwa mkata mabomba.

"Kata mawili mapya," akasema, "yawe sawasawa na lile la kuingizia."

Nikayakata, membamba yote mawili, yanang'aa. Aliyepewa kuyafunga alikuwa Subilaga. Akaligeuzageuza lile la kutokea, akasema, "Mkuu, hili litatuumbua. Ni jembamba."

Bwana Gwamaka akacheka. "Inayotoka si ndiyo ile ile iliyoingia? Imezaa huko ndani? Funga."

Hesabu ilitukolea sote, tukaitikia kwa vichwa kama wenye akili. Subilaga akafunga.

Haikupita wiki, lori likaanza kutoa moshi wa buluu hata ukalifunika lenyewe. Bwana Gwamaka akasema turbo imekufa. Ikaletwa nyingine, ikafungwa kwa mabomba yale yale, ikatoa moshi ule ule. Lori likaegeshwa. Na chai, mnajua wenyewe, haimsubiri mtu: ikishachumwa isipofika kiwandani siku ile ile, inachemka ndani ya magunia na kuoza. Jumatatu asubuhi wakulima wakajaa uwanjani kwetu, wamekasirika, na majani meusi mikononi.

Kwetu kila Jumatatu mafundi wote tulijipanga uwanjani, na mwenye kosa alitajwa hadharani. Bwana Gwamaka akashika kipaza sauti.

"Aliyeharibu turbo mbili ni Subilaga, kwa uzembe wake," akatangaza. "Ana mpaka saa sita awe ameandika barua ya kukiri. Asipoandika, aache spana langoni aende kwao."

Wakulima wakamzomea. Mwanamke yule alikuwa na miaka tisa ya ufundi na jina safi, na jina hilo ndilo lililompa kazi. Mimi nilijua maneno aliyoyasema kabla ya kufunga bomba. Nikatazama viatu vyangu. Mpaka leo naona haya kulisema.

"Siandiki," Subilaga akajibu.

"Unasemaje?"

"Nimesema siandiki. Naomba karai."

Hakuna aliyempa. Akalifuata mwenyewe, akalisogeza chini ya injini, akashika spana.

"Usiliguse lori hilo!" Bwana Gwamaka akafoka.

"Nimeshafukuzwa au bado?"

"Mpaka saa sita!"

"Basi mpaka saa sita mimi ni fundi."

Akaongeza oili kwenye injini, akalifungua lile bomba la kutokea, akaliweka kando, akamwambia dereva awashe. Moshi ukatoka mzito kuliko mwanzo, watu wakacheka. Subilaga hakugeuka. Oili ikawa inaanguka karaini, nzito, imejaa povu, haina wa kuizuia. Baada ya dakika chache moshi ukapungua. Ukapungua tena. Kisha ukakatika kabisa, na uwanja mzima tukawa tunasikiliza injini. Akaashiria izimwe.

"Turbo ni nzima," akasema. "Oili inaingia kwa kusukumwa na pampu, kwa hiyo bomba jembamba linaitosha. Ikishapigwapigwa humo ndani inakuwa povu, na hakuna tena wa kuisukuma. Inaanguka kwa uzito wake tu. Ukiibania njia, inajitafutia nyingine, inaingia isikotakiwa na kuungua. Huo ndio moshi wenu."

Nikakata bomba pana saa ile ile. Alasiri lori likapanda mlima na shehena yake, moshi hakuna.

Mnadhani yaliishia hapo? Kesho yake katibu wa ushirika akamwita Subilaga ofisini. Nilikuwa barazani, na dirisha lilikuwa wazi. Bwana Gwamaka alikuwepo, mkono ameshaunyoosha.

"Dada, yamekwisha," katibu akasema kwa sauti ya chini. "Mkuu wako amekiri kwamba alikosea. Mpe mkono, rudi kazini."

"Yamekwishia wapi?" Subilaga akauliza. "Nilitajwa kwa kipaza sauti mbele ya wakulima wote. Wamelala na jina langu, wameamka nalo. Leo mnanisafisha watu watatu, mlango umefungwa? Hapana. Kilichoingia kwa kusukumwa, kipanulie pa kutokea."

"Sasa unataka nini?"

"Uwanja ule ule. Watu wale wale. Kipaza sauti kile kile."

Bwana Gwamaka akatoka amefura. Akasema hawezi kujidhalilisha kwa ajili ya mtu anayeamriwa na yeye. Subilaga naye akaketi langoni juu ya pipa la oili, mikono kifuani. Siku ya kwanza alikaa peke yake. Siku ya pili nikaweka msumeno wangu chini, nikaenda kuketi naye. Hakuniambia asante, na sikustahili. Ilipofika Ijumaa karakana nzima ilikuwa langoni.

Jumatatu, mbele ya wakulima, Bwana Gwamaka alishika kipaza sauti. Akasema, "Subilaga hakuharibu kitu. Amri ya bomba ilikuwa yangu, na yeye alinionya." Nami nikatoka mstarini bila kuitwa, nikasema kwamba onyo lile nililisikia na nikanyamaza. Wakulima wale wale waliomzomea wakampigia Subilaga vigelegele mpaka akainamisha uso.

Basi, wanangu, ukimsema mtu sokoni, usimwombe radhi jikoni. Na ukisemwa wewe, usikubali kusafishwa kwa kunong'onezwa, hata anayekunong'oneza awe mkubwa namna gani. Kilichoingia kwa kusukumwa, kipanulie pa kutokea.