Barabara Isiyo na Magari

Evelyn alikuwa amechoshwa na Ufaransa, nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Ilimchosha asubuhi akinywa chai, ilimchosha jioni akifunga geti la nyumba yake kule Njiro, na siku za mazoezi ndiyo ilimchosha kupita kiasi. Mwenye kumletea Ufaransa hiyo mlangoni alikuwa Ludovick, fundi wa baiskeli na kocha mwenzake. Mwaka uliopita klabu moja ya huko ilimwalika, akakaa mwezi mzima, akarudi na hadithi moja tu.

"Dada Evelyn, kule unatoka kijiji hiki mpaka kile, katikati ya mashamba ya ngano, na husikii hata honi moja," alikuwa akisema. "Kamba ya lami, safi, ya baiskeli peke yake. Ipo tu! Imetulia, inakusubiri wewe upite."

"Nimesikia, Ludovick. Na jana nilisikia."

Kumwambia anyamaze kulikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Zingekuwa soga za kupitisha muda, Evelyn angezivumilia. Lakini timu yao ya wasichana wa mbio za baiskeli ilikuwa inakufa mbele ya macho yao. Mwezi mmoja nyuma, kwenye barabara kuu ya Moshi, kioo cha pembeni cha basi dogo kilimgonga begani Naserian, msichana mwepesi kuliko wote, akatupwa mtaroni. Mungu ni mwema, alitoka na mkono ulioteguka tu. Mama yake, Anna, muuza mboga wa Usa River, hakupiga kelele wala hakutukana. Alikuja mpaka Njiro akiisukuma baiskeli ya binti yake, akaiegemeza ukutani.

"Mwanangu hatapanda tena baiskeli kwenye barabara ya magari," alisema kwa sauti ya chini. "Mkiipata isiyo na magari, niiteni niione kwa macho yangu. Pasaka ikifika hamjaipata, basi, tutakuwa tumemaliza."

Wazazi wengine wakamuunga mkono. Evelyn alijua wana haki.

Ludovick yeye hakuona tatizo liko wapi. Barabara isiyo na magari, alisema, ni kitu cha kutafuta tu, kama mtu anavyotafuta mbuzi aliyekata kamba. Basi kila Jumamosi akafungua ramani kwenye simu na kuwaongoza njia mpya. Ya kwanza, upande wa Engutoto, iliishia kwenye ukuta mpya wa nyumba ya mtu, na mbwa wa mtu huyo hawakuwa na ukarimu. Ya pili ilikuwa kimya kweli mpaka walipokutana na msururu wa bodaboda zilizobeba magodoro, makreti ya soda na mbuzi aliye hai. Ya tatu ilifungwa na ng'ombe, na mchungaji wao akawauliza kwa upole kama wamepotea. Kila mara Evelyn aliwageuza wasichana huku akiuma meno, na kila mara Ludovick alipanguza jasho na kuanza, "Kule Ufaransa…"

"Ukiitaja tena hiyo Ufaransa yako," Evelyn alimwambia, "nitaitoboa tairi yako kwa meno."

Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka, Ludovick alikuja mbio kama mtu aliyekimbizwa na nyuki.

"Nimeipata! Juu ya Usa River, barabara ya zamani ya shamba la kahawa. Ina lami, Dada Evelyn! Mwanzoni kuna gogo limelazwa, gari haliwezi kupita. Jana baada ya mazoezi nilibeba baiskeli, nikaruka, nikapanda mpaka juu, hakuna hata pikipiki."

"Watu hawapo?"

"Wapo wachache, na majembe yao. Wakulima tu."

Evelyn alitaka kuuliza zaidi, lakini alikuwa amechoka kuuliza. Wakampelekea Anna habari, naye akasema Jumamosi Naserian aijaribu na wenzake kuanzia kwenye gogo, na yeye atapanda pikipiki, atawafuata aione.

Jumamosi hiyo ilianza vizuri mno. Wasichana walivusha baiskeli moja baada ya nyingine juu ya gogo, wakapanda. Mlima Meru ulikuwa umejifunua wote, migomba kulia, kahawa kushoto, na sauti pekee ilikuwa ya minyororo ya baiskeli. Evelyn alitazama migongo yao yenye jezi za njano ikipokezana mbele, akasikia moyo wake ukilegea kwa mara ya kwanza tangu ajali. Alikuwa karibu kumsamehe Ludovick, pamoja na Ufaransa yake.

Kisha wakakata kona. Barabara ilikuwa imejaa watu. Wanaume walipanga mawe kwenye mashimo, akina mama walibeba kifusi kwenye makarai, vijana walizibua mitaro iliyozibwa na mvua, na mmoja alipuliza filimbi kuwabadilishia zamu. Evelyn alielewa papo hapo. Huo ulikuwa msaragambo. Kwao Machame alikua akiujua: kijiji kikitoka kutengeneza njia au mfereji, anayepita na mikono miwili husimama na kuweka nguvu yake, hata kama amevaa suti ya kwendea harusini. Atachimba kidogo, atashukuriwa, ataruhusiwa kwenda.

"Ludovick, tushuke," alisema.

"Tukisimama hapa mlima utatushinda! Wataelewa, sisi ni wanamichezo." Akainua mkono, akapaza sauti kwa uchangamfu, "Poleni na kazi!" Akapita.

Wasichana wakamfuata mmoja mmoja, "Poleni na kazi! Poleni na kazi!" kama kwaya. Evelyn hakutaka kugombana mbele yao, akapita pia, uso ukimwaka. Hakuna aliyeitikia, na katika nchi ile salamu kukosa mwitikio si jambo dogo.

Walipokuwa wanarudi, pale penye kona palikuwa na gogo jingine, na juu yake wamekaa akina mama sita. Mbele yao alisimama mwenyekiti wa kitongoji, mama aliyeitwa Kaanaeli, amevaa mabuti, chepe mkononi. Na nyuma yake, ndani ya mtaro, kanga imefungwa kibwebwe na matope yamemfika magotini, Anna alikuwa akichimba.

"Shikamoo, mama," Ludovick alimwamkia Kaanaeli.

Kaanaeli hakuipokea. "Shukeni. Baiskeli wekeni pale."

Anna aliinua kichwa. "Mimi nilikuja kuangalia barabara. Pikipiki imezuiwa na gogo kule chini, nikapanda kwa miguu, nikakuta watu wako kazini, nikaomba jembe. Naambiwa kuna watu wamepita wanasema poleni. Nikauliza, wamevaaje? Nguo za njano. Nilitamani ardhi inimeze. Naserian, hivyo ndivyo nilivyokulea?"

Naserian akaangalia viatu vyake.

"Lakini mama, si mnaona kwamba haina magari?" Ludovick alijitetea.

"Haina magari!" Kaanaeli aliwageukia wenzake kana kwamba anaomba mashahidi. "Kijana, Jumatatu mpaka Ijumaa malori ya mawe yanapita hapa mpaka sufuria zinaanguka jikoni. Haya mashimo unadhani kayachimba fuko? Leo hayapo kwa sababu sisi tumelaza gogo. Tumegombana na wenye malori tangu mvua zianze, mpaka ofisi ya kijiji tumefika, wakatuachia Jumamosi moja moja za kutengeneza. Wewe umekuta patupu ukadhani pameota!"

Ludovick alinywea kama kifaranga aliyenyeshewa. Evelyn hakumhurumia, na wala hakujihurumia mwenyewe, maana yeye alijua na bado alipita. Akavua kofia ya baiskeli, akashika chepe. Wasichana wakashika makarai. Walichimba mpaka jua la utosi, na viganja vya Ludovick vikaota malengelenge.

Ndipo Evelyn, akiwa amesimama mtaroni kando yake, alipomuuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa zamani.

"Hiyo barabara yako ya Ufaransa. Nani anaitunza?"

Ludovick aliegemea jembe lake. "Yule mzee aliyenipokea alikuwa na wenzake. Walidai kwa miaka mingi magari yakatazwe. Walikuwa na mikutano isiyoisha. Na kila mwaka wanatoka kukata miiba pembeni."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niliona ni habari za mikutano tu."

Evelyn aliinua chepe, na kwa sekunde moja haikujulikana ataliteremshia wapi. Kisha akacheka kwa hasira, akatupa tope nje ya mtaro.

Watu walipokaa kivulini kunywa uji, alimwendea Kaanaeli, akamwomba radhi kwanza. Halafu akauliza kijiji kinakwama wapi.

"Kwenye gogo," Kaanaeli alijibu. "Tungetaka kila Jumamosi malori yasipite. Lakini anayelinda gogo anaacha shamba lake, na akiondoka tu, wanalisukuma."

"Sisi tutalinda," Evelyn alisema. "Wazazi kwa zamu. Na msaragambo ukiitwa, timu nzima itakuja na majembe yake."

Kaanaeli aligeuza shingo. Alimtazama Anna, kwa sababu kati yao Anna ndiye aliyeshika jembe bila kuambiwa. Anna alimaliza uji wake bila haraka.

"Zamu ya kwanza ni yangu," alisema. "Nitakaa kwenye hilo gogo mwenyewe, nione lori litakalopita mwanangu akiwa juu. Naserian, Jumamosi ijayo chukua baiskeli yako."

Miezi ikapita, na malori yakazoea. Asubuhi moja mgeni kutoka Dar es Salaam, mwenye baiskeli ya bei kubwa, alisimama kwenye gogo akiitazama barabara tulivu ikipanda kati ya kahawa, na wasichana wa njano wakishuka kwa kasi bila kuogopa.

"Mna bahati nyie watu wa Arusha!" alisema. "Barabara kama hii kwetu haipo. Mliipata wapi?"

"Tuliipata?" Ludovick alifoka mpaka Evelyn akashtuka. "Ati tuliipata! Kaka, shuka kwanza kwenye hiyo baiskeli, kuna mtaro pale unazibuliwa. Ukimaliza utapita. Wahenga hawakukosea: ukiona vyaelea, vimeundwa."