Nani Kaupaka Ukuta?

Wapendwa, mshonaji mmoja aliiweka nyumba yake rehani benki. Ukazuka ugomvi: benki inasema hajamaliza kulipa, yeye anasema amemaliza. Na alikuwa amemaliza kweli. Shikeni hilo, haki ilikuwa yake.

Dalali hakusubiri. Akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII INAUZWA. Mke wa mshonaji akakimbilia mahakamani analia. Hakimu akasema, "Mnada usimame. Kwanza mkae na msuluhishi, kila mmoja alete alichonacho."

Mshonaji alifanya nini? Alinunua chokaa! Akaupaka ukuta, akajipongeza. Kulipokucha maandishi yamerudi, mekundu vilevile. Akapaka tena, yakarudi tena. Majirani wakawa wanapunguza sauti wakipita pale, kama kwenye nyumba yenye msiba. Na kuna bwana mmoja wa kofia, hakuna aliyemjua, akawa anakuja kusimama ng'ambo ya barabara. Anautazama ukuta, halafu anaondoka. Hasalimii mtu. Ingekuwa wewe, ungepata usingizi?

"Baba watoto," mke akasema, "msuluhishi anatuita leo. Chukua stakabadhi zako twende."

"Niende kufanya nini? Waliokosea ni wao. Waje wao waniombe radhi."

"Hawaji hao. Na mimi haya maandishi nayaogopa, mume wangu."

"Niletee chokaa."

Akaitwa mara nyingine, akagoma. Akaitwa tena, yuko juu ya ngazi anapaka.

Basi asubuhi moja akatoka nje, akakuta ukuta mweupe pe, hauna hata doa. Akaruka kwa furaha. "Mama watoto, njoo uone! Yamefutika!"

Mke akatoka, akautazama. "Jana hukupaka. Nani kaupaka?"

Pembeni ya nyumba akatokea yule bwana wa kofia, brashi mkononi inadondosha rangi. Siku hiyo akasalimia.

"Habari za asubuhi? Nimeona nianze na ukuta. Nyumba yangu siwezi kuiacha na maandishi yale."

Ndiyo. Anayeitwa asipokuja, hakimu amsubiri nani? Amri ya kusimamisha mnada ilishaondolewa, mnada ulishapita.

Ndugu zangu, mtu huyu hakutolewa nje kwa kukosa haki. Alitoka nayo mfukoni! Na sisi je? Wewe dada hujasema na mama yako tangu msiba wa baba, na ni kweli alikukosea, sibishi. Mungu amesimamisha mnada: wewe unapumua, na yeye anapumua. Sisi tukipewa nafasi hiyo tunapaka chokaa. "Nimeshasamehe," tunasema, na simu hatupigi.

Iko siku utaamka uukute moyo mweupe. Hauumi, hauna kinyongo, mama hata humkumbuki. Usishangilie, mpendwa. Jiulize kwanza: nani kaupaka?