Chai ya Mzee Darsono

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, wengi hudhani walikuwa wanawaza kuku: mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji naye akapata paja. Haya. Lakini kule Depok, mji ulio pembezoni mwa Jakarta, hapakuchinjwa kuku, na mtu alipona.

Mzee Darsono alifiwa na mkewe, Bi Lasmini, kabla ya msimu wa mvua. Siku ya mazishi hakutoa chozi hata moja. Tangu hapo akafunga mlango wa mbele, akawa anapitia wa jikoni kama mpangaji, akila wali mkavu mara moja kwa siku. Mwili ukamwisha, suruali ikashikiliwa na kamba. Binti yake alimsihi kwa simu kila jioni, lakini ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Jumapili moja Tarmuji, aliyefanya naye kazi kiwanda cha uchapaji miaka ishirini, akapanda treni kutoka jijini, akabisha mlango wa mbele mpaka ukafunguliwa.

“Alaa! Ni wewe, kaka? Nilidhani nimefunguliwa na ufagio!”

Darsono alitabasamu kidogo. Akachemsha chai ya yasmini, akaitia sukari, akamtengea mgeni. Wakakaa.

Tarmuji akalisifu fenesi la uani, akauliza bei ya mchele, akailalamikia treni, lakini glasi ya chai hakuigusa. Mvuke ukaisha. Darsono moyo ukamwuma. Hata chai imenishinda, akawaza, bora nisingefungua mlango.

“Haikupendezi?” aliuliza.

“Midomo imenikauka, kaka! Lakini mgeni gani mwenye adabu hunywa kabla ya kukaribishwa?”

Kwao ndivyo ilivyo: chai ikishatengwa, mgeni hungoja neno la mwenyeji, hata ikipoa. Na katika nyumba ile, kwa miaka thelathini na minane, neno hilo lilikuwa la Lasmini. Darsono hakuwahi kulisema.

Akafungua kinywa. Akakifunga. Akajaribu tena.

“Kari… karibu, kaka. Kunywa.”

Hapo hapo akaangua kilio, kilio cha mazishi kilichochelewa miezi saba. Tarmuji hakumnyamazisha. Alimshika bega kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akainywa ile chai baridi mpaka tone la mwisho.

“Tamu,” akasema. “Ila marehemu shemeji alikuwa akiniwekea na ndizi za kukaanga.”

“Mlafi wewe!” Darsono akacheka huku kamasi zikimtoka. “Keti. Nakukaangia.”

Wakakaanga chane nzima, na mwenyeji peke yake akala sita. Jioni alimsindikiza rafiki yake mpaka stesheni. Mlango wa mbele hakuufunga.

Jumapili iliyofuata binti alipopiga simu, akaambiwa, “Piga baadaye, mwanangu. Nina jirani hapa, na chai yake inapoa.”

Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.