Fundi Aliyesomeka Kupitia Ukuta

Akina mama, alikuwepo fundi mmoja aliyetengeneza viatu maalumu vya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Kazi yake ilikuwa safi, lakini kwa miezi minne hakuingia mteja hata mmoja. Akajiwekea mwisho: Jumamosi ikipita hivi hivi, anafunga karakana na kurudi kijijini kulima.

Kilichomuumiza ni kwamba alikuwa na tovuti, tena ya kupendeza. Maua yakianguka, picha zikizunguka, jina lake likimetameta. Chini kabisa palikuwa na maneno tunayoyajua sote: “Maelezo zaidi, njoo inboksi.”

Dada yake alipokuja kumsalimu, akatoa simu. “Siku hizi watu hawatafuti wenyewe, kaka. Wanaituma akili mnemba iwasomee. Ngoja tuiulize habari zako.”

Simu ikajibu kwa upole: “Nimefungua ukurasa wa fundi mmoja. Nimekuta picha, lakini sikuona maneno yanayoeleza anatengeneza nini wala yuko wapi.”

“Si hayo hapo, ndani ya picha?” fundi akasema.

“Umeyachora, kaka, hukuyaandika. Na msomaji huyu haji inboksi.”

Fundi alinuna, kisha akakubali. Wakaondoa maua. Wakaandika: “Ninatengeneza viatu vya watoto wenye nyayo zilizopinda. Nipo nyuma ya mashine ya kusaga. Nafungua saa mbili asubuhi.” Chini ya kila picha wakaeleza kinachoonekana.

“Sasa imekuwa kama barua ya mtoto wa darasa la tatu,” fundi akalalamika.

“Afadhali. Mtoto huyo akiomba daftari, unajua ni daftari.”

Jumamosi mchana, fundi akiwa ameshaanza kufunga vifaa vyake kwenye gunia, mama mmoja akabisha hodi, mtoto mgongoni.

“Hospitali waliniambia nisipopata viatu upesi, miguu itarudi kupinda,” akasema. “Nimeiuliza simu wiki nzima. Leo ndiyo mara ya kwanza imekutaja.”

“Pole, mama. Umetoka mbali?”

“Hapana, baba. Naishi hapo nyuma. Ukuta wako ndio ukuta wangu. Nilikuwa nikisikia nyundo yako, nikadhani unatengeneza viti.”

Fundi akakaa chini. Kilio cha mtoto yule alikuwa akikisikia kila asubuhi kupitia ukuta, na hakuwahi kuuliza analilia nini. Akaupokea ule mguu mdogo, ukaenea katika kiganja chake, kisha akafungua gunia atoe kipimo.

Mimi nikiifikiria habari hii, nashangaa. Kitu kisicho na macho wala moyo kimewakutanisha watu wawili wenye ukuta mmoja, na kilichohitajika ni sentensi tatu za kweli zilizoandikwa wazi. Je, Mungu aliyetupa vinywa alikuwa anangoja simu?

Na sisi je? Sare zetu za kitenge zinapendeza, kwaya yetu inasikika hadi barabarani. Lakini jirani akitusoma, atajua kwamba akifiwa aje kwetu? Atajua kwamba akikosa unga asione haya? Au ataona maua tu, na chini yake, njoo inboksi?

Leo tukitoka hapa, kabla hatujawasha jiko, twende upande wa pili wa ukuta tuseme kwa maneno mepesi: “Nipo hapa. Mtoto wako analia nini?”