Mlingoti Uliopimwa Juu ya Ngazi

Kisa hiki kimepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Kisome hadi mwisho, kisha mpe na mwingine.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Mwanate binti Sharifu, kazi yake kusanifu vyombo vya baharini. Kwa zaidi ya miaka ishirini alichora yoti za matajiri. Mmoja alitaka bafu lenye dirisha chini ya maji. Mwingine alitaka piano sebuleni, na hakujua kuipiga. Mwanate aliwachorea walichotaka, ila alikuwa na sharti moja: hakuna chombo chake kitakachoondoka bandarini kabla hajakipima kwa timazi.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Chombo kikiwa majini, unaning'iniza ndani yake uzi wenye kipande cha risasi. Kisha unahamisha mifuko ya mchanga kutoka upande mmoja wa sitaha hadi wa pili, na unatazama uzi umesogea kiasi gani. Ukisogea kidogo, chombo kitainama kwa upepo na kuinuka tena. Ukisogea sana, siku moja kitainama na hakitainuka. Katika yoti za Mwanate uzi ulisogea vidole viwili, na hapo ndipo alipotia sahihi.

Alipofika miaka hamsini aliacha yoti, akaanza kusanifu upya meli za kale za matanga, zile ambazo hazikubaki isipokuwa kwenye picha na masimulizi. Katika meli ya pili ya namna hiyo alibishana na mafundi kuhusu usukani. Hesabu zake zilisema ni mdogo mno. Mafundi wakasema ndivyo ulivyokuwa tangu zamani. Meli iliposhushwa majini iligeuka kwa wepesi kuliko yoti yoyote aliyowahi kuichora, na mafundi wakamtania mwezi mzima. Tangu hapo aliwaheshimu watu wa kale, na heshima hiyo ikawa inakua mwaka hadi mwaka.

Ndipo alipoitwa na mfalme wa kisiwa kimoja.

Babu wa babu yake mfalme huyo ndiye aliyefika kisiwani wa kwanza, kwa meli, akiwa na koo kumi na nne. Meli yenyewe ilikwisha kuoza. Kilichobaki ni mfano wake wa mbao, urefu wa mikono miwili, ulioning'inia kwenye dari ya ukumbi wa baraza. Mlingoti wa mfano huo ulikuwa mrefu, na watu wa kisiwa walijivunia urefu wake. Ulikuwa kwenye bendera, kwenye noti, kwenye stempu na kwenye mikono ya sare za askari.

Mfalme alitaka meli ijengwe upya kutokana na mfano ule. Ingebeba watu sabini, watano kutoka kila ukoo, kwa safari ya siku tatu hadi bandari ambako mababu zao walitoka.

Mwanate aliegemeza ngazi ukutani na kupima kwa siku nne, kila ubao na kila kamba, hadi shingo ikamkakamaa. Kisha alirudi kwenye meza yake, akachora, akapiga hesabu. Ilikuwa mwezi wa pili. Jibu lilikuja baya: meli hii ingekuwa nzito juu. Akapiga upya, jibu likawa lile lile.

Aliitazama karatasi kwa muda. Akaukumbuka usukani. Akajiambia kwamba meli hii ilivuka bahari na koo kumi na nne kabla mtu yeyote hajamfundisha yeye hesabu, na haikumfaa kusimama leo kuiambia kwamba haiwezi. Akaiweka karatasi chini ya nyingine, kazi ikaanza.

Mkuu wa wajenzi alikuwa Fundi Shekue, mtu wa makamo, mkono wake mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Siku mlingoti ulipokuwa unapigwa randa, aliupima mara mbili kwa hatua, akaja kusimama mbele ya Mwanate.

"Bi Mhandisi, hebu nieleze. Huyu babu wa mfalme alikuwa anasafiri, au alikuwa anachungulia mbinguni?"

Mafundi wakacheka. Mwanate akajibu kwamba kipimo ni kipimo, na hakuja kisiwani kuwasahihisha wazee wa watu.

Kesho yake Shekue alirudi na swali lile lile, safari hii bila mzaha. Mke wake alikuwa miongoni mwa watano wa ukoo wao waliochaguliwa kusafiri, na nguo za safari zilikuwa zimeshashonwa. Mwanate akampa jibu la jana.

Meli ilishushwa majini zikiwa zimebaki siku sita kabla ya safari. Watu walipiga vigelegele, wakaenda nyumbani. Mwanate alibaki na mafundi wachache. Akafunga uzi wake chini ya sitaha, akasimamisha ubao nyuma yake, akashika penseli. Mifuko arobaini ya mchanga ikahamishwa.

Uzi haukusogea vidole viwili. Ulisogea shubiri nzima.

Akaamuru mifuko irudishwe, ihamishwe tena. Alama ya penseli ikaangukia pale pale. Mara ya tatu sauti pekee ilikuwa ya mifuko ikiburutwa juu ya vichwa vyao.

Shekue ndiye aliyevunja kimya. Akashauri waongeze farumi, yaani mawe ya uzito chini ya meli. Mwanate akamwambia kwamba alishalipigia hesabu. Mawe ya kutosha kuushikilia mlingoti ule yangeishusha meli mno majini, na abiria sabini wakipanda, mawimbi yangeingia ndani kama yanayoingia kwenye sahani.

"Ulishalipigia hesabu lini?" Shekue akauliza.

Mwanate akainama kuuangalia uzi.

"Nakuuliza lini, dada yangu. Maana mke wangu anafunga mizigo."

"Mwezi wa pili," akasema.

Shekue alimtazama, kisha akautazama ubao wenye alama tatu za penseli. Hakumtukana. Alimwambia tu kwamba kama yeye haendi kwa mfalme leo, yeye Shekue ataenda, na ataeleza kwa lugha yake ya gengeni. Mwanate akasema watakwenda wote wawili.

Walimkuta mfalme barazani, pamoja na Waziri wa Mila, chini ya ule mfano. Mwanate akaeleza habari ya uzi na mifuko. Akasema mlingoti lazima ukatwe theluthi moja, la sivyo yeye hatii sahihi.

Waziri wa Mila alikuwa mtu wa maneno laini. Akasema Bi Mwanate asilaumiwe, amezoea vyombo vya watu wanaotafuta jua la kuotea, na mtu wa namna hiyo akiona mlingoti wa wanaume lazima apate kizunguzungu. Akaongeza kwamba bahari wiki hii ni shwari. Aweke sahihi tu, watu waende na warudi, na habari ya uzi ibaki baina yao.

Mfalme hakutabasamu. Akamgeukia Mwanate.

"Mlingoti huo uko kwenye bendera yangu. Unaniomba nisimame mbele ya watu niwaambie kwamba tumeipigia saluti meli ambayo haiwezi kusimama?"

"Mtukufu, sijui nikuombe nini," Mwanate akasema. "Uzi unasema meli itapinduka. Historia inasema ilifika. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli, kwa hiyo labda aliyekosea ni mimi. Nilipima nikiwa juu ya ngazi, shingo imepinda. Naomba mfano ushushwe niupime tena. Kosa likiwa langu, tangaza hivyo, nami nitaondoka jina langu likiwa limeharibika. Babu yako hataguswa."

Waziri akapinga mara moja. Mfano haujawahi kushushwa tangu ukumbi ujengwe, akasema, na kuushusha ni kuuvunjia heshima. Lakini mfalme akaamuru waletwe watu wenye kamba.

Ilichukua karibu saa nzima. Mfano ulishuka taratibu, vumbi likimwagika, ukawekwa juu ya meza katikati ya ukumbi. Walioshika kamba wakaachia. Kila mtu akarudi nyuma hatua mbili ili auone vizuri.



Mlingoti ulikuwa mrefu kupita kiasi. Haikuhitajika rula. Ulisimama juu ya kile kiwiliwili kidogo cha meli kiasi kwamba mtu angeogopa kupiga chafya karibu yake. Upande wa chini nao ulikuwa mfupi mno, kama aliyechonga aliishiwa mbao.

Shekue akajizuia, ikashindikana. Akasema polepole kwamba chombo hiki kinafanana na mtoto aliyetumwa kuazima ngazi.

Waziri akamkemea. Lakini mfalme alikuwa ameshaanza kuuzunguka mfano, ameinama, mikono mgongoni. Alipomaliza mzunguko alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliwaambia watu wa kamba wauinue mfano hadi mahali pake pa zamani. Kisha akakusanya kanzu yake na kukaa chini sakafuni, pale ambapo wageni na washitaki walikuwa wakikaa enzi zote, akainua macho.

"Njoo ukae hapa, Bi Mwanate," akasema. "Tazama kutoka hapa."

Mwanate akakaa. Akatazama juu. Kutoka pale chini mlingoti haukuwa mrefu. Ulikuwa sawasawa kabisa. Urefu wote uliozidi ulikuwa umemezwa na umbali, na meli ilionekana imesimama vizuri, tayari kusafiri.

Shekue, aliyekuwa bado amesimama, ndiye aliyesema kile ambacho wote walikuwa wameshakiona. Aliyechonga alikuwa fundi hodari. Alijua kazi yake itaning'inizwa juu, na watu wataitazama kutoka chini, na kitu kilicho juu huonekana kifupi. Akarefusha mlingoti na kufupisha upande wa chini ili macho yapate haki yao. Hakuchonga ili mtu aje apande ngazi na kupima.

Mwanate alibaki sakafuni. Alikuwa amepima vyombo maisha yake yote, na katika siku nne za juu ya ngazi hakuwahi kujiuliza kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya macho ya nani.

"Hukukosea vipimo," mfalme akamwambia.

"Sikukosea vipimo, Mtukufu. Nilikosea jambo jingine. Hesabu ziliniambia tangu mwezi wa pili. Fundi huyu naye aliniuliza mara mbili. Nikanyamaza, kwa sababu niliona haya kubishana na babu yako."

Waziri wa Mila aliona nafasi yake, akasema kwa sauti ile ile laini kwamba mtu aliyeficha hatari ya watu sabini kwa miezi kadhaa anapaswa kujibu mashitaka. Shekue akakunja uso, lakini hakumtetea, kwa kuwa neno hilo lilikuwa la kweli.

Mfalme alipozungumza hakuwa anamtazama yeyote kati yao. Alikuwa bado anatazama darini.

"Nimetawala miaka thelathini na moja chini ya kitu hiki," akasema. "Kila jambo nililoamua, niliinua macho nikajipima na mtu yule. Kila siku nilijiona mfupi. Na mimi sikuwahi kumuuliza mtu."

Akainuka, akakung'uta kanzu. Akatoa amri mbili. Ya kwanza, mlingoti ukatwe mchana, mbele ya watu wote, na Bi Mwanate mwenyewe aeleze sababu, pamoja na miezi aliyonyamaza. Ya pili, wakati anaeleza, Waziri wa Mila asimame kando yake na kushika uzi wa timazi.

Mwanate alieleza. Alisema kila kitu, akataja na mwezi wa pili. Watu wengine walimzomea, na mwanamke mmoja wa makamo aliyevaa nguo mpya alimwuliza kama angempandisha mama yake mwenyewe kwenye chombo kile. Mwanate akasema la. Mwanamke huyo alikuwa mke wa Shekue. Kisha msumeno ukaanza.

Kipimo kiliporudiwa, uzi ulisogea vidole vitatu, kiasi kilicho salama kwa meli ya matanga ya ukubwa ule. Mwanate akapima mara tano. Ndipo akatia sahihi.

Meli iliondoka siku iliyopangwa. Siku ya pili upepo uligeuka bila taarifa na kuwapiga ubavuni. Nahodha alisimulia baadaye kwamba meli iliinama hadi maji yakapanda kwenye sitaha, na masufuria ya wali yakaenda baharini, na watu wakalia na kushikana. Ikakaa vile kwa muda ambao kila mmoja aliuona mrefu. Kisha ikainuka.

Mwanate alitangulia kwa boti ya abiria, akaenda kuwasubiri katika bandari ile ya mababu. Meli ilichelewa nusu siku. Ilipofunga kamba hakumsalimu nahodha wala hakupanda kuikagua. Alisimama penye ngazi na kuwahesabu abiria wakishuka mmoja mmoja, wamelowa, wana njaa, wengine wakimtazama kwa jicho baya. Mke wa Shekue alikuwa wa mwisho, ameshika viatu mkononi.

Walikuwa sabini.

Funzo: Waliotutangulia tukiwatundika juu mno, tutawaiga kwa kimo ambacho wao wenyewe hawakuwa nacho. Waheshimu, lakini washushe mezani uwatazame usawa wa macho. Na ukweli ukikujia mapema, useme mapema, kwa sababu kuna watu wanaofunga mizigo wakikuamini.