Karatasi Kwenye Kioo

Wodi ya watoto wenye maradhi ya mifupa haikujua kutulia. Tangu alfajiri magurudumu ya toroli yalikwaruza sakafu, vikombe vya dawa viligongana, na sauti za watu wazima zilitoa amri moja baada ya nyingine: amka, meza, geuka, nyoosha mkono, usijikune. Mtoto aliyelazwa humo miezi mingi alizoea kuamriwa hata akasahau kwamba naye anaweza kuamua jambo lake.

Mmoja tu aligoma kuzoea. Alikuwa msichana wa miaka tisa, mguu umening'inizwa kwa kamba na vizito, mwenye ugonjwa uliomtoa shuleni kila mara tangu darasa la kwanza. Wauguzi walimbandika jina la Bibi Sitaki, maana neno hilo halikumkauka mdomoni. Mguu ulifungwa, lakini viungo vingine vyote vilihangaika. Vidole vilichokonoa shuka, macho yaliruka huku na kule, na kichwa hakikukubaliana na mto.

Aliyekosa raha zaidi ni mwalimu wa wodi, mama mwembamba mwenye kazi ya kuwafundisha watoto vitandani. Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu wa shule ya Bibi Sitaki angekuja kumpima kusoma na kuandika. Akishindwa, siku atakayotoka hospitalini ataketi darasa moja na mdogo wake. Mtoto alilijua hilo na lilimchoma moyoni, lakini kila kitabu kilipofunguliwa aligeukia ukuta.

Mwalimu alitumia kila hila. Alimvika kilemba cha ukoka, akamwahidi peremende, akamnyima televisheni. Wapi! Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

"Mwanangu, unataka mdogo wako akucheke?"

"Sitaki."

"Basi soma."

"Sitaki!"

Ndipo katika chumba cha kioo kilichotazamana na kitanda chake akaletwa mgonjwa mpya, msichana wa rika lake. Kwa kuogopa maambukizi hakuruhusiwa kutoka, na sauti yake haikupenya nje. Asubuhi iliyofuata alibandika kwenye kioo karatasi yenye herufi kubwa, akamnyooshea kidole Bibi Sitaki, kisha akacheka hadi akashika tumbo.

"Ameandika nini yule?" Bibi Sitaki aliuliza kwa wasiwasi.

Muuguzi wa zamu alisoma kwa sauti: "Unalala mdomo wazi kama samaki."

Wodi nzima iliangua kicheko. Bibi Sitaki alifura kwa hasira. "Nipeni karatasi! Nipeni na kalamu! Huyu lazima nimjibu!"

Siku hiyo mwalimu hakupata nafasi ya kukaa. Aliulizwa herufi hii, akaulizwa ile, mpaka likapatikana jibu lililopinda kama njia ya ng'ombe: NA WEWE KICHWA KAMA BOGA. Mgonjwa wa kiooni alipiga makofi. Tangu hapo matusi yakazaa vitendawili, na vitendawili vikazaa urafiki. Siku moja yule wa kiooni aliuliza, UNAOGOPA SINDANO? Bibi Sitaki aliinua jibu lake juu kabisa: NAOGOPA. USIMWAMBIE MTU. Wodi nzima ililisoma.

Mwalimu alifurahi kupita kiasi, na furaha hiyo ikamponza. Aliona mtihani unakaribia, akaona mtoto anaandika, akawashwa na ualimu wake. Akatangaza kwamba kila ujumbe upitie kwake kwanza, usahihishwe kwa wino mwekundu, upewe alama, na alama zibandikwe ukutani.

Ujumbe wa kwanza ulirudi kwa mwenyewe umejaa mistari myekundu. Wa pili haukuandikwa. Kule kioo kikauliza, UMENUNA? Bibi Sitaki aligeukia ukuta. Siku zikapita, na mwalimu mkuu alikuwa anakuja wiki ile ile.

"Mwanangu, kosa langu ni lipi?" mwalimu aliuliza, roho juu.

Mtoto alijibu bila kugeuka. "Kila kitu hapa ni chenu. Zile karatasi zilikuwa zangu. Na zenyewe mmezichukua."

Mwalimu aliona haya, haya ya kweli iliyompanda mpaka masikioni. "Nimekosa, mama. Nisamehe," alisema. Akaibandua ile karatasi ya alama, akaichana mbele yake, akaweka kalamu na karatasi nyeupe kando ya mto, kisha akaondoka.

Kuondoka kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kukaa mbali. Alizunguka ukumbini kama kuku anayetaka kutaga. Mkono ulimwasha kushika kitabu. Mara alitaka kurudi kubembeleza, mara kukaripia, na kila mara alipiga moyo konde akasimama mlangoni, mikono nyuma.

Hapo kiooni ilibandikwa karatasi ndefu, imejaa maandishi madogo. Bibi Sitaki aliitazama kwa pembe ya jicho. Akageuka. Midomo yake ikaanza kucheza polepole.

"Mwalimu! Njoo. Neno la mwisho silijui." Mwalimu alikimbia. "Hilo tu! Usinisomee yote!"

Mwalimu mkuu alipofika na kitabu chake, Bibi Sitaki alisoma ukurasa mzima, akakwama mahali pachache, akajikwamua mwenyewe. Akaandika aliyoambiwa aandike. Mzee yule alivua miwani.

"Utakaa na wenzako wa rika lako," alisema. "Lakini niambie, nani alikubana hivi mpaka ukasoma?"

"Hakuna aliyenibana. Nilikuwa na ugomvi na mtu," alijibu, huku akichungulia nyuma ya bega la mgeni. "Tumemaliza? Yule kule anasubiri jibu langu."

Mwalimu wa wodi alicheka huku machozi yakimtoka, kwa kuwa amri zake zote hazikufanya lililofanywa na ugomvi ule. Hakika, hiari yashinda utumwa.