Unga wa Mvule Uliobaki Kwenye Kanga

Kaeni, na mwenye kutafuna atafune polepole, maana mwishoni nitauliza swali na sitalirudia. Mara ya kwanza niliposimulia jambo hili, mke na mume waliokuja pamoja waliondoka kila mtu na njia yake.

Huko milimani Upare aliishi mjane mmoja, Mama Nanzia, na watoto wake watatu, watu wazima wote, kila mmoja na kipaji chake.

Nakundwa, binti wa kwanza, alikuwa na sikio. Aligonga gogo kwa mgongo wa panga, akasikiliza, akakwambia kama ndani kuna uozo, au lile jiwe linaloota ndani ya mvule na kuvunja meno ya msumeno.

Kiangi, wa pili, alikuwa na mkono. Aliufunga msumeno wake wa mashine kwenye fremu ya chuma, akausukuma juu ya gogo toka mwanzo hadi mwisho, na ubao ukatoka umenyooka hata seremala akaweka randa chini.

Mbonea, kitinda mimba, alikuwa na jicho la kupanga. Umchanganyie mbao za magogo kumi, yeye angerudisha kila ubao mahali pake mpaka gogo lionekane halijaguswa.

Sasa, nyumba ya mama yao ilikuwa inavuja. Mvua ikinyesha alihamisha godoro toka kona hii hadi ile, huku akikohoa. Mbonea akasema tumjengee nyumba ya mbao, na wenzake wakakubali. Nyuma ya nyumba palikuwa na mvule mkubwa ulioangushwa na upepo. Ulikuwa umelala pale miezi mitatu, na jani lake hata moja halikunyauka. Hilo peke yake lingetosha kuwatia akili, lakini anayetaka mbao hatazami majani.

"Huyo ni rika langu," Mama Nanzia aliwaambia. "Bibi yenu alizika kitovu changu hapo, akapanda mche juu yake. Muombeni kwanza."

"Mama na utani wako!" Kiangi akasema, wakacheka wote.

Nakundwa akagonga gogo, akasikiliza. "Zima kabisa," akasema. "Halina jiwe." Mbonea akamwekea mama kigoda ili achambue maharage huku akiwatazama.

Kiangi akapitisha msumeno mara ya kwanza. Nakundwa alimfuata nyuma akigongelea kabari, ili mwanya usijifunge. Unga uliomwagika chini ulikuwa na joto la mwili wa mtu. Ubao ukatoka, Mbonea akaubeba, na mama yake akamtazama akipita.

"Binti huyu mzuri ni wa nani?" akauliza. Wakacheka tena, maana Mama Nanzia alikuwa mtu wa utani tangu zamani.

Ubao wa pili ulipotoka, alimwita Kiangi. "Fundi, ukimaliza njoo unywe uji. Mume wangu yuko shambani, anarudi sasa hivi."

Mumewe alikuwa na miaka tisa kaburini. Safari hii vicheko vilikuwa vifupi. "Ni hili jua," Kiangi akasema, akaongeza mafuta kwenye mashine.

Ubao wa tatu ukatoka. Kiangi, masikio yamejaa ngurumo, akaanza wa nne bila kugeuka. Mama Nanzia akasimama, maharage yakamwagika. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Aliwatazama watoto wake mmoja mmoja bila kumjua hata mmoja, kisha akaanza kulia kwa sauti ya mtoto wa kike. "Namtaka mama," alisema.

Hapa sikilizeni vizuri, maana haki ya kila mmoja inaanzia hapa.

Nakundwa alibandika sikio kwenye gogo. Chini ya ngurumo alisikia mama yake akiimba kwa sauti ya kigoli, halafu kwa sauti ya mtoto, na mbali zaidi, kilio cha kichanga kilichozaliwa sasa hivi. Msumeno ulikuwa umebakiza upana wa kidole kukifikia. "Kiangi, simama!" akapiga kelele. "Mama yumo humu!" Bila sikio lile, mama angeishia hapo.

Kiangi alisimama, lakini gogo lilianza kujifunga. Lilitema kabari moja baada ya nyingine. Angezima mashine, ingebanwa. Angeuvuta msumeno kwa nguvu, ungekwangua zaidi. Akaurudisha nyuma kwa njia ileile, asiguse hata uzi mmoja wa mti. Bila mkono ule, mama angeishia hapo.

Mbonea aliziokota mbao, akazirudisha: wa tatu, wa pili, wa kwanza, kila mstari wa mti ukikutana na mwenzake. Akazungusha kamba na kukaza. Kila alipokaza, mama alikua: kigoli, bibi harusi, mjane. Mvi zikarudi, na kikohozi kikarudi. Bila jicho lile, mama angebaki mtoto anayelia.

Mama Nanzia akainama, akaokota maharage yake. Alikumbuka jina la kila jirani, na siku aliyomzika mumewe, na kona inayovuja. Akawatazama wanawe.

"Karibuni, wageni," akasema. "Mmepotea njia?"

Mpasua mbao yeyote atakwambia kwamba msumeno wa mashine una meno mapana, na kila unapopita unakula sehemu ya mti. Mwanya wa kwanza ulikula mwaka aliozaliwa Mbonea. Wa pili, mwaka wa Kiangi. Wa tatu, wa Nakundwa. Wa nne gogo lilikuwa limeshaufunga lenyewe. Miaka hiyo haikuwa tena kwenye mbao. Ilikuwa kwenye unga, na unga ulikuwa unapeperuka.

Wakaukimbilia, wakauzoa kwenye kanga ya Mbonea, umechanganyika wote. Wakajaribu punje chache kwenye mwanya wa kwanza. "Mbo..." mama akasema, jina likakatika. Wa pili: "Kia..." Wa tatu: "Naku..." Unga ulikuwa unafaa popote, ila uliobaki ulitosha kujaza mwanya mmoja tu. Kuugawa ni kuupoteza wote.

"Mimi ndiye niliyemsikia," Nakundwa akasema.

"Na mimi ndiye niliyesimama."

"Wewe ndiye uliyekata, kaka!" Mbonea akasema huku analia.

"Na wewe ndiye uliyetaka nyumba. Na dada ndiye aliyesema zima kabisa."

Na yote yalikuwa kweli. Naona uchungu kila nikifika hapa, sitawaficha.

Wingu limeshuka mlimani. Mvua ikifika, unga utakuwa tope. Mama Nanzia, ambaye wema wake haukuguswa na msumeno, amewaletea uji vikombe vitatu. "Kunyweni, wanangu," anasema, vile mtu mzima anavyomwambia mtoto wa yeyote. "Mmefanana sana. Mama yenu ni nani?"

Tone la kwanza limeanguka kwenye kanga. Haya, wewe uliyekaa hapo: ungejaza mwanya wa nani, na wale wawili ungewaambia nini?